Sombe ya Sufuria Kubwa

Ninyi vijana mnaofungua vibanda vya chakula kando ya barabara hapa Baraka, nawaandikia haya kwa sababu ya pipa. Jumamosi moja nilipita nyuma ya ukumbi wa harusi nikaliona limejaa. Mabonge mazima ya bugali, sombe ya majani ya muhogo, vichwa vya samaki ambavyo hakuna aliyevigusa. Kijana aliyekuwa akimwaga sufuria aliniangalia akasema, "Papa, mbona unaniangalia kama nimeua muntu?"

Nikamwambia endelea, sina neno nawe. Lakini nilikuwa nimetoka kwa mwanamke mzee ambaye kwa majuma mengi alikuwa amekataa kula, na chakula pekee alichokuwa anakitamani duniani kilikuwa kinaingia ndani ya lile pipa.

Mwanamke huyo ni Mama Riziki. Ndiye aliyenifundisha kazi, mimi Asu.

Mimi nimeacha jiko. Miaka hamsini bado sijaigusa, lakini macho yangu yamekula moshi wa kuni tangu nilipotoka shule ya sekondari, na sasa nikikaa karibu na moto yanatoa machozi kama ya mtu aliyefiwa. Katika miaka hiyo nimepika Uvira, nimepika Kalemie, nimepika kwa wachimba dhahabu kule milimani na kwenye maboti yanayokwenda Ubwari. Hakuna sehemu iliyonishika. Kila nilipoanza kujua majina ya watoto wa jirani, nilikuwa tayari nafunga begi. Vitu nilivyobeba kila mahali vilikuwa viwili: kisu changu na sufuria ndogo yenye mfuniko, ya kumtosha mtu mmoja.

Baraka nilikuwa nimepita tu, nikisubiri boti ya kwenda Kalemie. Nikasema, acha nikamsalimie mwalimu wangu.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka ndani ya nyumba ya binti yake. Malaria ilikuwa imempiga, ikapona, lakini hamu ya kula haikurudi. Mikono iliyokuwa ikinyanyua sufuria peke yake ilikuwa imebaki mishipa. Riziki, binti yake, anauza vitenge sokoni. Alinivuta nje karibu na banda la bata akaniambia kwa sauti ya chini.

"Docta anasema ugonjwa haiko. Anasema akule tu. Mi napika wali, anasukuma. Napika kuku, anasukuma. Nilimununulia hata mukate na maziwa. Asu, mama anajimaliza hivi hivi, na mi namuangalia."

"Yeye mwenyewe anasema anataka nini?"

Riziki akaangalia pembeni. "Anataka bugali ya kulala na sombe ya kulala, ile ya jana."

"Sasa mpe."

"Nimulishe mama yangu mabaki? Weye unakuwaka na akili? Hapa bantu banasikia mpaka kijiko ikianguka. Kesho soko yote watasema Riziki anauza vitenge ya bei, mama yake anakula mabaki!"

Sikumcheka. Nilijua anatoka wapi. Riziki alipokuwa mtoto, mama yake alimfungia bugali la kuchoma kwenye jani la ndizi kwenda shuleni, na wenzake wakampa jina: mutoto wa mabaki. Jina hilo lilimfuata mpaka darasa la sita. Siku aliyoanza kupata fedha yake mwenyewe, aliapa hakuna chakula kitakacholala ndani ya nyumba yake. Anapima kikombe cha unga, anapika cha watu wawili, kinaisha, sufuria inaoshwa, basi. Nyumba safi kabisa. Na ndani yake mama alikuwa anakauka.

Acha kwanza niwaeleze huyo mama alikuwa nani, maana ninyi mmemkuta mkekani.

Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, mabati matatu mbele, majani nyuma. Wavuvi walikula pale wakitoka ziwani, na madereva wa malori waliotoka Uvira kupitia Mboko na Lweba wakiwa wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nilikuja kuomba kazi ya kupasua kuni. Siku ya tatu au ya nne msichana wa jikoni hakuja, Mama Riziki akanitupia mwiko.

"Songa."

"Mama, mi ni mwanaume."

"Mwiko haijui. Songa."

Bugali la muhogo la watu wengi si mchezo. Linakushika kama tope la mtoni, ukilegeza kidogo linafanya mapumba. Wavuvi waliacha sahani zao wakaja kutazama. Mmoja alikuwa Papa Lubunga, wakati huo kijana mwenye mabega kama mlango. Akasema, "Muangalie bibi-arusi yetu! Nani amelipa mahari?" Kicheko kikajaa kibanda. Mama Riziki hakugeuka. Akasema, "Lubunga, yeye anasonga, weye unakula. Nani hapa iko mwanaume?" Tangu siku hiyo sikurudi kwenye kuni.

Lakini kusonga si kazi aliyonifundisha. Kazi yake ilianza watu walipokwisha kuondoka, wakati ninyi siku hizi mnamwaga.

Sheria ya kwanza ilikuwa hii, na naomba mwiandike ukutani: kinachobaki kwenye sahani ni cha bata, kinachobaki kwenye sufuria ni cha watu. Hakuchanganya hata siku moja. Mkono wa mlaji ukishagusa, hata kama ni tonge moja tu, kile kimekwenda kwa bata. Na sufuria ilichotwa kwa mwiko mkavu, na mwiko huo haukulambwa na mtu yeyote, hata mwenye kibanda. Nilimwona akimfukuza shemeji yake mwenyewe kwa kulamba mwiko. Watu wanaosema chakula cha kulala ni uchafu hawakuwahi kuona jikoni mwake.

Bugali lililobaki alilikusanya likiwa bado na joto. Alilowesha mikono, akalibonyeza mpaka hewa yote itoke, akalifanya mviringo kama mpira mdogo, akalifunga kwenye jani la ndizi lililopitishwa motoni. Jani linapumua. Ninyi mnatia kwenye mfuko wa plastiki, bugali linatoka jasho, asubuhi limechacha mnasema chakula cha kulala ni kibaya. Si kibaya. Mmekinyonga.

Asubuhi hakulikata kwa kisu. Bugali la muhogo linakamata kisu na kuraruka. Alitumia uzi wa wavu, ule wa nailoni. Ncha moja aliishika kwa meno, nyingine kwa mkono, akaupitisha, na vipande vilianguka laini kama sabuni mpya. Halafu makaa, si miali. Unaweka kipande juu ya waya, unakiacha. Kikiiva upande wa chini chenyewe kinaachia waya. Ukikivuta kabla hakijaachia, umekipasua, na hapo alikupiga na kitambaa cha kushikia sufuria.

Sombe ndiyo ilikuwa kubwa. Sombe ya siku ya kwanza, alisema, bado inajibishana: majani yanasema lake, mawese yanasema lake, ndagala, wale samaki wadogo, wanasema lao. Ikilala, inapatana. Asubuhi anaweka maji kidogo kwanza, si mafuta. Anaiacha ipate joto polepole bila kuikoroga. Chumvi haongezi, maana chumvi nayo ilifanya kazi usiku wote. Mwisho ndipo anadondosha mawese mabichi kiasi cha kijiko, na vile vichwa vya ndagala vilivyobaki chini ya gunia, amevitwanga. Unavunja bugali la kuchoma, unachovya. Nimekula kwenye hoteli zenye vitambaa mezani. Sijakuta kitu cha kukishinda kile.

Msidhani nilijifunza yote hayo kwa utulivu. Mara moja alinituma Ubwari na boti, nikawapikie watu waliokuwa wakijenga kanisa. Nilibeba sombe iliyobaki, bado ya moto, nikaifunika kabisa na kuifunga kamba ili isimwagike. Jua likapanda. Katikati ya maji nahodha akainua kichwa akauliza, "Nani anapika ndani ya boti yangu?" Nikasema hakuna, moto haupo. "Sasa hiyo inayochemka iko nini?" Sufuria ilikuwa inatoa povu pembeni ya mfuniko, inanguruma yenyewe, bila kuni. Abiria walisogea upande mmoja mpaka boti ikainama. Mama mmoja akaanza kusali. Ilibidi niitupe yote ziwani, na nahodha akasema samaki wa upande ule wataharisha mwezi mzima. Kwa hiyo: chakula cha moto hakifunikwi. Kinaachwa kipoe, chini ya chandarua dhidi ya nzi, ndipo kifunikwe. Na asubuhi unafungua mfuniko ukiuelekeza mbali nawe, unaunusa mfuniko kwanza. Mfuniko hausemi uongo. Ukivunja bugali likavuta nyuzi kama utando wa buibui, usihurumie, tupa.

Turudi kwa mama yetu mkekani.

Siku niliyofika sikutaka kugombana na Riziki. Nikafikiri, mimi ni mpishi wa miaka mingi, nitampikia ladha ile ile bila kulaza kitu. Nikanunua sombe iliyosagwa na mashine sokoni, nikapika ikaiva vizuri. Nikasonga bugali, nikalipoza kwa kulipepea, nikalikata kwa uzi, nikachoma. Nikamletea kwenye sahani nzuri ya Riziki yenye maua.

Mama Riziki akashika kipande. Hakukitia hata mdomoni. Akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Hii haikulala."

"Mama, onja kwanza."

"Asu. Hii bugali iko macho wazi. Umeichoma ngozi juu ya kudanganya mama muzee." Akaisukuma sahani. "Enda upande boti yako."

Boti ya Kalemie ilikuwa iondoke kesho yake. Nikaiacha. Nikajiambia ni siku chache tu.

Jaribio la pili nilifanya kwa sheria. Nilikuwa nimepanga chumba kwa jirani. Nikapika jioni kwenye ile sufuria yangu ndogo, sombe kiasi cha bakuli, bugali kiasi cha ngumi mbili. Sikula. Vyote nikavipoza, nikavifunga, nikavilaza kama mtoto. Asubuhi nikangoja Riziki aende sokoni, nikaingia navyo chini ya kitambaa kama mwizi.

Safari hii alionja. Nilimwona anatafuta kitu kwa ulimi, taratibu, macho kafumba. Halafu akameza, akafuta vidole kwenye kitambaa.

"Nani alikula hii mbele yangu?"

"Hakuna, mama. Yote ni yako."

"Njo maana." Akasogeza bakuli kando. "Hii haikubakia, Asu. Hii iliachwa tu. Sombe ya muntu moja. Umepika kidogo, ikaiva mbio, ukaiweka kando. Sombe ya bantu mingi inakaa moto mingi, inashuka chini ya sufuria, inashika mafuta yake kule chini. Kiisha bantu banachota, banachota, banacheka, na ile ya chini inabakia, iko nzito. Ile njo nataka." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nilipokuja. "Weye miaka hii yote ulikuwaka unapikia nani?"

Nikasema nilipikia watu wengi sana, mama, mamia.

"Sisemi kazi. Nyumbani."

Niliiangalia sufuria yangu. Nimeitembeza pande zote za ziwa hili, na hakuna siku hata moja niliyoiosha asubuhi ikiwa na kitu cha jana.

Basi ikabidi nimwendee Riziki sokoni, katikati ya vitenge vyake. Nikamwambia ninataka kupika nyumbani kwake Jumapili baada ya misa, sufuria kubwa, ile ya kibanda cha zamani ambayo sasa bata wanaitagia mayai. Na nataka watu.

"Watu gani?"

"Wowote wenye njaa."

"Na kesho yake mama atakula yenye imebakia."

"Ndiyo. Kwenye sufuria, si kwenye sahani. Sheria yake unaijua kuliko mimi."

Alikunja kitenge kimoja, akakikunjua, akakikunja tena. "Batanicheka, Asu."

"Watakucheka vipi? Watakuwa wameshiba kwako."

Hakusema ndiyo. Alisema, "Mayai ya bata usiyavunje."

Jumapili nilipata msaada ambao sikuuomba. Jirani yao ni Daforoza, mama kutoka Burundi aliyekimbia vita na wanawe na sasa analima mihogo kwenye shamba la kukodi. Alisikia kuna sombe ya watu wengi, akaja na kinu na mzigo wa majani aliyochuma mwenyewe. "Ile ya mashine inakuwa tope," akasema. "Leta mchi." Tukatwanga, mimi na yeye, kwa zamu. Bado hatujafika mbali, sauti ikatoka ndani ya nyumba.

"Nani anapiga pale? Munatwanga kama munafukuza panya!"

Daforoza akasimamisha mchi. "Mama, tupige namna gani?"

"Polepole mwanzo! Majani ifungue kwanza! Asu, nilikufundisha nini? Na vitunguu imeingia ao bado?"

"Bado, mama!"

"Ingizeni, sasa!"

Nilimtazama Riziki. Alikuwa amesimama na ndoo ya maji mkononi, hajaiweka chini. Mama yake alikuwa hajapiga kelele tangu malaria. Kabla sombe haijakolea rangi, Mama Riziki alikuwa ametoka nje, ameshika ukuta, amekaa kwenye kigoda, anatuonyesha kwa kidole ukuni upi uvutwe na upi usukumwe. Hakula chochote siku hiyo, hata tulipombembeleza. Alisema chakula chake bado hakijafika.

Watu walikuja. Watoto wa Daforoza, wanakwaya wawili watatu waliofuata harufu, wanawake wa vitenge kutoka sokoni, hao hao ambao Riziki aliwaogopa. Na Papa Lubunga, na kifurushi cha ndagala wakavu kama zawadi. Mabega yake yameshuka sasa, lakini tumbo la kula liko vile vile. Alinisalimia, "Bibi-arusi, bado haujaolewa?"

Hapo hofu yangu ikaanza. Nilikuwa nimehesabu sombe ibaki. Sikumhesabu Papa Lubunga. Alichota mara ya kwanza, akasifu. Alichota mara ya pili, akasifu zaidi, akawaita wanakwaya nao wachote. Bugali lilikuwa linashuka kama maji ya kiangazi. Nilisimama karibu na sufuria, nikajifanya napanga kuni. Kila mwiko ulioingia ulikuwa unanikwaruza mimi mgongoni. Yule mzee akija mara ya tatu, nikajiambia, tumekwisha: chini patabaki chuma kitupu, kesho mama ataulizia, na mimi sijui kama kuna Jumapili nyingine ndani yake.

Alikuja mara ya tatu. Akainama juu ya sufuria.

"Ya chini njo tamu," akasema, na kushika mwiko.

Riziki aliuweka mkono wake juu ya ule mwiko. Wanawake wa vitenge walikuwa wote wanaangalia.

"Papa Lubunga, samahani. Hii yenye imebakia iko ya mama. Atakula kesho asubuhi. Anaipenda ya kulala."

Papa Lubunga akaachia mwiko kama umemchoma. Akageuka akamwangalia Mama Riziki kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza siku ile sura yake ikakosa mzaha.

"Ile ya uzi?" akauliza. "Ile ya makaa? Wee mama! Unajua nilitokaka ziwani asubuhi, baridi imenikamata, nawaza ile tu? Nilikuwaka napiga kasia juu ya ile!"

Mwanamke mmoja wa vitenge akasema bibi yake kule Lweba aliipika hivyo hivyo, na kwamba yeye hajaionja tangu alipoolewa. Mwingine akauliza, si ni kweli kwamba unaweka maji kabla ya mafuta? Wakaanza kubishana. Daforoza akasema kwao huwa ni maharagi ya kulala, na akaapa yanashinda sombe, wakamzomea wote. Hakuna aliyetoa kile kicheko ambacho Riziki alikuwa anakingoja. Alibaki ameshika mwiko ule, amesimama, kama mtu aliyeegemea mlango kwa nguvu zote na kumbe nje hakuna anayesukuma.

Papa Lubunga ndiye aliyetoa uzi, mfukoni mwake, ukiwa bado na harufu ya samaki. Tuliuosha mara mbili.

Jumatatu asubuhi Riziki hakwenda sokoni mapema. Nilifungua mfuniko nikaunusa, nikampa Mama Riziki naye anuse, maana kunusa ilikuwa kazi yake siku zote. Akaitikia kwa kichwa: ni nzima. Nikataka kukata bugali, akaninyang'anya uzi. Akashika ncha kwa yale meno yaliyobaki, akauvuta. Kipande cha kwanza kilianguka kimepinda. Cha pili kilinyooka. Vipande vikakaa kwenye makaa, na sisi watatu tukavisubiri viachie vyenyewe, kama zamani chini ya mabati yale matatu.

Alikula. Sitawadanganya kwamba alikula kama mvuvi. Alikula kipande na nusu, akichovya, bila haraka, mawese yakimpaka rangi mdomoni. Riziki alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja, akakata kipande kimoja cha pembeni, kile kilichoungua kidogo, akakila amesimama vile vile, amegeukia ukuta. Mama yake akasema bila kumwangalia, "Kaa chini. Chakula haikimbiliwi." Akakaa.

Sasa vijana, ninyi mna frigo za umeme wa jua, mna mashine ya kusaga sombe, mna vile viungo vya kwenye karatasi vinavyofanya kila kitu kiwe na ladha moja. Sina ugomvi navyo. Frigo ni kitu kizuri, ingawa inailaza sombe usingizi mfupi, lazima uitoe mapema ipate hewa. Nimewaeleza jani, uzi, makaa, mfuniko, maji kabla ya mafuta. Jaribuni. Lakini msinifuate na sufuria ndogo mkaniambia haikufanya kazi. Itafuteni ile kubwa kwanza, na watu wa kuichota.

Mama Riziki alipomaliza, kwenye sufuria kulikuwa bado na sombe, kiasi cha viganja viwili, imeshapoa. Nikanyoosha mkono niichukue nikaoshe. Akaupiga mkono wangu, na kipigo kile nilikijua. Akavuta jani la ndizi, akalilaza juu ya sufuria, akabonyeza pembe zake moja baada ya nyingine, halafu mfuniko.

"Iko ya kesho," akasema. "Muntu asiguse."

Riziki akaniangalia, nami nikamwangalia. Kesho ilikuwa siku ya boti ya Kalemie. Nikainuka nikaenda ufukweni kumtafuta Papa Lubunga, kwa sababu ule uzi wa kwanza alikuwa amepita kuuchukua tulipokwisha kukata, ameshaurudisha kwenye wavu wake, na bila uzi hatungeweza kukata bugali la kesho.